Siku Nilipoanika Vitambaa

Kwetu Tanga hakuna anayebadilisha mapazia eti kwa sababu majani yamechipua. Majani yanachipua mwaka mzima, nani ana habari nayo? Nyumba inafanywa mpya siku mbili tatu kabla ya Idi: makochi nje, kuta zinapigwa chokaa, vitambaa vinafuliwa na kutiwa kanji, na mama anakuwa mkali mpaka paka anahamia kwa jirani. Ukali ule nimeurithi wote, haukubaki hata kidogo wa kuwagawia dada zangu.

Huku Johannesburg kuna baridi. Kuanzia mwezi wa sita tunaziba madirisha kwa selotepu na mablanketi, tunawasha hita ya mafuta ya taa, na chumba kizima kinanuka gereji. Tunakaa Berea, ghorofa ya nne, chumba kimoja na jiko na roshani inayotazama barabarani. Mimi na binti yangu, basi. Baba yake alitangulia mbele ya haki mtoto akiwa na miaka minne. Ikifika mwezi wa tisa, jua likipata nguvu, nabandua selotepu, nafungua madirisha, na naona yote niliyokuwa siyaoni: masizi darini, kuvu nyuma ya kabati, mapazia yamekuwa rangi ya chai ya jana. Hapo ndipo Idi yangu ya pili inapoanza. Miaka kumi na saba sijaikosa hata mara moja.

Na usinicheke kuhusu vitambaa, ndiyo kazi yangu. Nafuma kwa sindano ya kroshia, nawauzia Watanzania wenzangu na wale Wakenya wa maofisini wenye sebule kubwa: seti ya makochi, ya meza, ya televisheni, ya friji. Mabibi wa Soweto nao wanavyo, lakini vyao ni viwili vitatu vya kuwekea chombo cha maua. Sisi tunavisha kila kitu, hata mtungi wa gesi hauachwi uchi. Kumi na viwili kati ya vyangu alivifuma mama yangu kwa mtindo wa ua la nanasi, akanipa siku ninaolewa. Kimoja kikubwa cha ukutani alikidarizi kwa uzi mwekundu: KARIBU WAGENI. Mama hayupo tena. Nikivishika vile vitambaa nasikia harufu ya mikono yake, na anayesema ni harufu ya sabuni tu, aseme akiwa mbali na mimi.

Mwaka juzi binti yangu alikuwa anatimiza kumi na sita. Siku yenyewe iliangukia Jumapili, na alitaka kuwaita wenzake watatu wa shuleni waje nyumbani, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Nilifurahi, nisiseme uongo. Wiki mbili nzima alinionyesha picha kwenye simu: kuta nyeupe, pazia la kijivu, mmea mmoja kwenye kona, mto mmoja kwenye kochi. Nyumba haina kitu, mwenzangu, utadhani wenyewe wamehama! Nikasema haya, rangi nakubali, na pazia la kijivu nitakushonea. Nikadhani vitambaa havimo kwenye mazungumzo.

Jumamosi asubuhi tukapaka rangi pamoja, yeye juu na rola, mimi chini na brashi. Tulicheka sana. Alinipaka kidogo puani, nikamfukuza kuzunguka meza. Ukuta wa pili ulipoanza kukauka nikavuta beseni la kanji, nikamwambia anisaidie kukamua vitambaa.

"Si tulikubaliana?" akasema. Alisema kwa Kizulu. Kiswahili anakisikia chote, kukisema hataki. Na mimi Kizulu nakisikia chote, nikikisema tu kila mtu anajua nimetoka mbali. Ndivyo tunavyoishi, kila mtu na lugha yake.

"Tulikubaliana rangi na pazia."

"Mama, naomba. Kesho tu. Vitie kwenye sanduku, kesho tu."

"Bibi yako ndiye unataka nimtie sandukuni?"

Hapo ndipo aliposema alilolisema. Akasema wenzake wakiviona watajua, kwa sababu nyumba yenye vitu vile ni nyumba ya makwerekwere.

Neno hilo, kwa asiyelijua, ndilo wanalotutupia sisi tuliotoka nchi za juu, kwenye foleni ya teksi, dukani, popote. Nimetupiwa na wengi. Sikutegemea litoke kwenye mdomo niliounyonyesha. Mkono ulikwenda wenyewe. Ulikuwa umelowa rangi, na kofi lile lilimwachia vidole vitano vyeupe shavuni, kila kimoja kamili. Hakulia. Alinitazama tu, na mimi nikatamani anitukane tena nipate sababu ya kuongeza la pili.

Sasa sikia ujinga wangu. Siku zote vitambaa navianika ndani, juu ya viti. Siku hiyo hasira ikaniambia, la, vianike nje, mji mzima uone! Nikatoka roshani na beseni, nikafunga kamba mbili, nikabana kimoja kimoja, ishirini na vinne, na katikati kabisa KARIBU WAGENI, herufi zikitazama barabara.

Jirani yangu wa mkono wa kulia ni bibi wa Kizulu, muuguzi mstaafu, mtu wa maneno machache. Alikuwa kwenye roshani yake anamwagilia maua. "Leo wanatembea," aliniambia. "Jana walikuwa Hillbrow. Toa hivyo vitu."

Alimaanisha wale wanaume wanaopita jengo kwa jengo wakitafuta wageni wawatoe vyumbani. Nilijua. Hillbrow ni mtaa wa pili tu, nani wa Berea asiyejua? Jengo zima lilikuwa limejifungia tangu asubuhi. Nikamwitikia kwa kichwa, nikabana kibanio cha mwisho. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilisikia vizuri sana, nikalipita.

Hazikufika dakika kumi nikasikia filimbi na nyimbo. Mlangoni pa jengo letu, chini, alikuwa anakaa fundi viatu, Mkongo wa Bukavu, mtu mpole, kila asubuhi lazima aniulize, "Mama, uliamuka muzuri?" Alikuwa na kiatu cha mteja mkononi, nadhani alitaka kukimaliza kwanza. Nikawaona wamemzunguka, kama ishirini hivi. Alikuwa akiwajibu kwa Kizulu safi, safi mno, hata wawili watatu wakaanza kugeuka waende zao. Ndipo mmoja mwenye mjeledi, ule wa plastiki nyeusi unaouzwa pale kwenye robot, yaani taa za barabarani, magari yakisimama, akamchapa mgongoni bila kumwuliza lolote. Na yule fundi, kwa uchungu, akapiga kelele: "Yo! Mama, bananiua!"

Basi. Walikuwa wanasubiri hicho tu. Mtu anaweza kujifunza lugha ya watu miaka ishirini, lakini akipigwa atalia kwa lugha aliyozaliwa nayo, na wale wanaume walilijua hilo. Wakamwangukia. Mateke, marungu, mpaka kisanduku chake cha kiwi wakampigia nacho. Mkono wake niliuona ukikunjika mahali pasipo na kiwiko. Nimeona watu wakipigana, na mimi mwenyewe si malaika, lakini sijapata kuona watu wazima wakimvunja mtu huku wanacheka vile.

Mwenye mjeledi akainua uso kufuta jasho. Akaona weupe wote ule juu. Nilimwona midomo inasoma, ka-ri-bu. Akanyoosha mjeledi, akahesabu ghorofa: moja, mbili, tatu, nne. Kisha wakaingia ndani ya jengo.

Nikaanza kuvuta vitambaa. Vibanio vinaruka huku na huku. Binti yangu akanishika gauni kwa nyuma akaniburuta ndani.

"Mama, sikia mimi." Alisema kwa Kiswahili, na sikumbuki mara ya mwisho alikuwa amenisemesha kwa Kiswahili lini. "Wewe bubu. Wewe iko nafua nguo. Hii nyumba ya baba yangu. Usiseme. Hata wakipiga, usiseme."

"Mimi? Bubu?"

Walionijua Tanga watacheka hapo. Mimi hata daktari wa meno alinisihi ninyamaze.

"Mama!"

Geti la chuma la mlango wetu likaanza kupigwa. Akanitia kitambaa cha deki mkononi, akanisukuma chini, akaenda kuwafungulia. Baadaye aliniambia wakivunja wenyewe wanaingia tayari wana hasira.

Waliingia watatu, wengine wakabaki kwenye ngazi. Mwenye mjeledi, mwenye gongo la gofu, na wa tatu kazi yake ilikuwa kupiga video kwa simu. Binti yangu akasimama mbele yao na vidole vyangu vitano shavuni. Wakamwuliza yeye wa ukoo gani. Akataja ukoo wa mmoja wa wale wenzake watatu wa shuleni, akaushushia na sifa zake zote, jina juu ya jina, kama wanavyosalimiana wenyewe kwa wenyewe. Sikujua kama anazijua. Mlango wa jirani ulikuwa umefunguka, na yule bibi amesimama hapo. Mwenye gongo akamwuliza kwa heshima, akimwita gogo, yaani bibi, "Gogo, unawajua hawa?"

"Mtoto namjua," akasema bibi. Hakuongeza, hakupunguza.

"Na huyu wa chini?"

"Anatufulia," binti yangu akasema. "Ni bubu."

"Na vile vilivyoanikwa?"

"Anafua vya watu. Nilimkataza asivianike nje."

"Usoni una nini?"

Akagusa shavu. Nadhani alikuwa amesahau. "Ni huyu," akasema. "Alinigusa na mikono yenye rangi."

Mwenye mjeledi akanitazama, akatabasamu. "Bubu," akasema. "Hebu tumsikie bubu."

Nilijua anatafuta nini. Nilikuwa nimekiona kikitafutwa kule chini na kikipatikana. Nikafunga meno. Mjeledi ukashuka kutoka begani mpaka kiunoni, na neno likapanda lenyewe toka tumboni, nakufa mama we, nikaliwahi kooni, nikatoa mlio tu, mlio kama wa ng'ombe. Mdomo ukajaa damu, nilikuwa nimejing'ata ulimi. Akainua tena. Wa pili ukatua palepale pa kwanza, na hapo wallahi nilishindwa. Nilihisi mdomo wangu unafunguka.

"Naku..."

Kofi likanifunga mdomo. Halikuwa la mwanamume. Binti yangu alikuwa ameusukuma mkono wa yule mtu, amesimama juu yangu, na akanipiga la pili, na la tatu, kwa kiganja kizima, akinitukana kwa Kizulu matusi ya sokoni. Mjinga mkubwa! Si nilikukataza! Unaniletea watu nyumbani! Kila nilipojaribu kuvuta pumzi alinipiga mdomoni. Nilimtazama machoni, na kwa sekunde kadhaa sikumjua huyu ni nani.

Wale wanaume wakacheka. Wa simu akasogea apate picha vizuri. "Sharp, dada, sharp," akasema, yaani safi kabisa. Mwenye gongo akamwambia asiniue, nani atafua.

Hawakutoka hivihivi. Ndoo ya rangi waliipiga teke, ikamwagika chumba kizima. Pazia la kijivu, lililokuwa bado chini ya sindano ya cherehani, walilivuta likachanika, na gongo likashuka juu ya televisheni. Kisha wakatoka roshani, wakakata kamba zote mbili, wakarusha vitambaa vya mama yangu barabarani. Kile cha KARIBU WAGENI, mwenye mjeledi alijifutia mikono kwanza. Halafu wakapanda ghorofa ya tano.

Binti yangu akafunga geti, akafunga mlango, akakaa chini palepale kwenye rangi. Akauangalia mkono wake wa kulia. Akauingiza kwapani, akaubana.

Kwetu mtoto akimpiga mama yake, mkono unakauka. Dunia inamgeuka, hafanikiwi kwa lolote, mpaka mama amtolee radhi kwa mdomo wake mwenyewe. Nimemwambia hivyo tangu ana miaka mitatu, alipokuwa akinirushia vijiko. Mambo yangu mengi hayaamini, ananiambia mama hayo ya kale, lakini hilo lilikuwa limemwingia, nililiona siku ile. Alikuwa anasubiri niseme. Na mimi sikusema.

Ulimi ulikuwa umevimba, ni kweli, umejaa kinywa kizima. Lakini nisijifiche nyuma ya ulimi. Ningeweza kumshika kichwa, ningeweza kumpa ishara. Nilikuwa na hasira na wale mashetani, nikawa na hasira na mimi mwenyewe na kamba zangu mbili, na, Mungu anisamehe, nilikuwa na hasira na yeye. Maana mtu aliyepigwa anajua. Kofi la kwanza lilikuwa la kuniokoa. La tatu lilikuwa na mambo yake ya miaka mingi ndani.

Mchana wote na jioni yote tulifuta rangi sakafuni bila neno. Jirani alileta dawa ya kidonda na bandeji, akanihudumia mgongo, akaondoka. Alisema tu kwamba fundi viatu yuko hai. Yu hai mpaka leo, yuko kwa ndugu zake, ila mkono uliunga vibaya na pale mlangoni hajarudi.

Jumapili, siku yake ya kuzaliwa, wageni hawakuja. Alikuwa amewaandikia kwamba anaumwa. Asubuhi nilimsikia anafungua geti. Nikatoka roshani nikamwona chini, peke yake, na ndoo, ameinama kwenye lami anaokota vitambaa. Kimoja kilikuwa chini ya gurudumu, akawa anakivuta taratibu kisichanike. Kingine kilikuwa mkononi mwa utingo wa teksi, anafutia kioo cha gari. Akamwendea, akanyoosha mkono.

"Vya nani hivi?" utingo akamwuliza. Mtaa mzima ulikuwa unamtazama, na kati ya wale watu sijui nani alikuwepo jana na nani hakuwepo.

"Vya mama yangu," akasema, kwa Kizulu, kwa sauti niliyoisikia ghorofa ya nne.

Yule mtu akamwangalia, akaangalia kitambaa, akampa. Nilikuwa nimeshika ukingo wa roshani kwa nguvu hata kucha ziliniuma. Alipata kumi na kimoja. Cha ukutani alikitoa kwenye mtaro, herufi zimekuwa za kahawia.

Akapanda navyo, akavimimina kwenye beseni, akatia maji na sabuni, akapiga magoti akaanza kufua. Alikuwa anafua kwa mkono wa kushoto, wa kulia ameuweka pajani. Nikaketi kwenye ndoo ya rangi iliyopinduliwa. Mgongo ulikuwa unawaka.

"Mama," akasema. "Mkono yangu itakauka?"

Hapo nikalia. Nililia kwa sauti, yote niliyoyameza jana yakatoka, nakufa na mama we na kila kitu. Nilipomaliza nikamwambia, kwa ulimi mzito, "Haukauki. Radhi unayo. Fulia mikono miwili, mbona unaniharibia kazi?"

Akautia ule mkono majini. Akafua kidogo.

"Na ile ya tatu?" akauliza.

Kumbe na yeye alijua. "Na la tatu pia," nikasema.

Rangi shavuni haikuwa imetoka yote, vidole vyangu vitatu bado vilionekana. Akasema, bila kuinua macho, "Na wewe? Wewe hutaki yangu?"

Kwetu mzazi haombi radhi kwa mtoto. Sijapata kusikia. Mama yangu, huyo wa vitambaa, alinipiga kwa mwiko, kwa ndara, kwa chochote kilichokuwa karibu, akafa hajaniambia samahani, na mimi namlilia mpaka leo. Nilitafuta jibu kali, na majibu makali huwa hayanipungukii.

"Naitaka," nikasema.

Akafikiri. Alifikiri kweli, kama mtu mzima anayeulizwa jambo la maana.

"Sawa," akasema. "Lakini si leo."

Akanipa ncha ya pili ya kitambaa, tukakikamua.